Alikuja na Nini?

Mwalimu wa Sande skuli anayeita majina ya watoto wake Busia au Malaba huwa anasoma kalenda bila kujua. Wafula na Nafula walizaliwa mvua ikinyesha. Wekesa na Nekesa walikuja wakati wa mavuno, Wanyonyi wakati wa palizi, Simiyu na Nasimiyu kiangazi, na Wanjala akaingia duniani ghala zikiwa tupu. Kwenye benchi hilohilo utamkuta Akoth, naye wa mvua, ila kwa Kijaluo. Pembeni yake yupo Omondi wa alfajiri na Otieno wa usiku. Kabla ya kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, mtoto wa huku mpakani mwa Kenya na Uganda alitembea na siku yake ndani ya jina, na kila aliyemwita alimkumbusha.

Naanza na majina kwa sababu ndiyo ninayoyaona yakisahauliwa tunapopanga sherehe za watoto kanisani. Kazi yangu ni kuwafunza walimu wa watoto nyimbo na kazi za mikono, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni la keki. Tutatoa wapi keki ya watoto arobaini? Wanaouliza wanafundisha bure. Wengi wao ni akina mama wanaouza mitumba, nyanya au omena siku sita za wiki, na wanataka kwa moyo wao wote mtoto ajue kwamba kanisa limefurahia kuzaliwa kwake. Huwa nawajibu: anzeni na wimbo, na wimbo uanze na jina. Keki tutaitengeneza baadaye, ya boksi.

Wimbo wa siku ya kuzaliwa unaojulikana karibu kila pembe ya dunia ulitokana na kazi ya walimu. Mwaka 1893 dada wawili wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, Patty na Mildred Hill, walichapisha kitabu cha nyimbo za chekechea, na humo mlikuwa na wimbo wa kuamkiana asubuhi uitwao Good Morning to All. Patty alifundisha watoto wadogo, Mildred alikuwa mwanamuziki. Maneno ya siku ya kuzaliwa yalivikwa juu ya muziki huo baadaye. Kwa miongo mingi kampuni za muziki zilitoza ada kwa wimbo huo, hadi Septemba 2015 jaji mmoja wa Marekani alipoamua kwamba dai la hakimiliki ya maneno yake halikuwa na msingi. Kanisa lolote laweza kuuimba bila hofu. Mimi sina ugomvi nao. Ninachowaonyesha walimu ni jinsi unavyolibeba jina la mtoto.

Wanakwaya wa huku wanasoma sol-fa, basi nitumie lugha hiyo. Wimbo huo unatembea kutoka so ya chini hadi so ya juu, oktava nzima. Kwenye mstari wa tatu sauti inaruka ghafla kutoka chini hadi juu kabisa, kisha inateremka, na jina la mtoto linatupiwa noti mbili za mwisho, ti na la. Noti mbili zinamtosha Patty. Nekesa ana silabi tatu, Nasimiyu ana nne, na watoto hulazimika kulimeza jina la mwenzao ili wasiachwe nyuma na wimbo. Tena mtoto wa miaka mitano huimba kwa raha noti tano au sita zilizokaribiana. Ukimrusha oktava nzima anaacha kuimba, anapiga kelele. Jumapili ijayo tega sikio: kelele huwa kubwa zaidi papo hapo jina linapopita, na anayeimbiwa halisikii jina lake mwenyewe.

Dawa tunayo tangu zamani, nayo ni kuimba kwa kupokezana. Kiongozi anatupa mstari, wengine wanaudaka. Kwa jirani zetu Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ngoma ya isukuti hupigwa hata mtoto anapozaliwa, kiongozi akiita na umati ukiitika. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwalimu mkubwa wa muziki wa Hungaria, Zoltán Kodály, aliyefariki mwaka 1967, alishikilia kwamba mtoto aanze kuimba kwa nyimbo za kwao, na kwa noti chache, kabla ya kupewa muziki wa mbali. Ukiketi na watoto wa Busia wakicheza uwanjani utaona alichomaanisha. Hakuna aliyewafundisha, lakini wanaimba so, mi na la bila kukosea.

Wimbo ninaowapa walimu una maswali mawili tu, na unakaa ndani ya noti hizo tatu. Kiongozi anauliza: Nani amekuja? Wote wanajibu: Nekesa amekuja. Kiongozi anauliza tena: Alikuja na nini? Wote: Alikuja na mavuno. Kisha wanarudia, ngoma ikiingia, jina likitajwa mara nne au tano. Jina la silabi mbili linavutwa, la silabi tano linaharakishwa, na hakuna linalobanwa kwa sababu mpigo unalingoja. Wateso wanauitika wimbo kwa Kiteso, Wakhayo kwa Kikhayo, na mtoto aliyevuka mpaka asubuhi pamoja na shangazi yake akiomba uimbwe kwa Kiganda, unamkubali.

Sijasahau kwamba wapo wachungaji wasiotaka kusikia habari hizi, na hoja yao ina umri mkubwa. Katika karne ya 3, Origen wa Aleksandria, mmoja wa walimu wakubwa wa Maandiko, aliandika kwamba watakatifu hawafanyi karamu siku zao za kuzaliwa. Wanaofanya katika Biblia ni Farao, ambaye siku hiyo alimtundika mwokaji wake mkuu, na Herode, ambaye karamu yake iligharimu kichwa cha Yohana Mbatizaji. Ayubu na Yeremia waliilaani siku waliyozaliwa. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi siku za kuzaliwa hadi leo, na mtoto wao akija na jirani asivalishwe taji la sherehe kwa lazima. Hoja hii naichukua kwa uzito. Lakini nikivisoma visa vile viwili namwona mfalme aliyejitukuza mbele ya wageni wake. Simwoni mtoto aliyepokelewa na jamaa zake. Na kalenda ya makanisa ya kale yenyewe ina siku za kuzaliwa: ya Yesu, ya Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, na ya Bikira Maria tarehe 8 Septemba. Anayetaka kuona Injili inavyosimulia mtoto kuzaliwa asome habari za Yohana katika Luka. Majirani wamekusanyika, wanabishana juu ya jina, na baba aliyepoteza sauti anaomba kibao aliandike. Shangwe yote pale inalizunguka jina.

Ugomvi ulio hai zaidi huku kwetu ni wa zawadi. Mtoto wa wakala wa forodha analetewa keki ya ghorofa mbili kutoka duka la mikate, na mtoto wa mama mboga anaketi mita mbili kutoka kwake akitazama. Nimeona sura ya mtoto huyo wa pili, na sitaki kuiona tena kanisani. Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, sherehe iwe moja kwa mwezi, ya wote waliozaliwa mwezi huo. Inasaidia pia baba dereva ambaye tarehe kamili ingemkuta Kigali au Juba, kwani Jumapili inayojulikana mapema anaweza kuipanga. Pili, vifaa viletwe na watoto wote pamoja, na mzazi wa mwenye siku asidaiwe hata kipande cha karatasi. Wakatoliki wa Jimbo la Bungoma, ambamo Busia imo, wanalijua wazo hili kupitia Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson huko Ufaransa mwaka 1843 kwa msingi wa watoto kuwasaidia watoto wenzao. Na ile desturi ya shuleni ya kummwagia maji mwenye siku ibaki shuleni. Mtoto mdogo aliyevalia nguo zake za Jumapili haoni raha ya kumwagiwa.

Sasa nieleze kosa langu. Nilipoanza kazi hii niliwaandikia walimu utaratibu: kila mtoto alete cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, mwalimu anakili tarehe, anapanga orodha kwa miezi. Ulionekana utaratibu safi. Kanisa moja dogo la mabati, kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba, liliufuata kwa uaminifu mwaka mzima. Desemba ilipoisha, mvulana mmoja wa darasa la wadogo alimvuta mwalimu wake sketi akamuuliza, "Mwalimu, mimi sikuzaliwa?"

Alikuwa hajaitwa mwezi hata mmoja. Hakuwa na cheti wala kadi. Mwalimu aliponipigia simu nilishindwa kusema kitu kwa muda, maana utaratibu ule niliuandika mimi, na haukuwa na mahali pa mtoto kama huyo. Tukaenda pamoja kwa nyanya yake.

"Mama, shikamoo. Tumekuja kuuliza juu ya mjukuu wako. Alizaliwa lini?"

"Marahaba. Tarehe sijui, Mwalimu. Mama yake alijifungulia hapa nyumbani, akaniachia, akaenda Kampala kutafuta kazi. Lakini alikuja wakati ule malori yalilala barabarani."

Mtu wa Malaba hahitaji kuelezwa zaidi. Ni mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wakingoja kupimwa kabla ya kuvuka kwenda Uganda, foleni ikaenda kilomita na kilomita, wanaume wakipika chini ya matrela yao. Tukamuuliza shambani kulikuwaje. Akafikiri, akasema mahindi yalikuwa yamepaliliwa mara ya pili. Mahindi ya mvua ndefu hupandwa Machi, palizi ya kwanza ikawa Aprili, ya pili Mei. Tuliandika Mei.

Makarani wa sensa na watafiti wa lishe ya watoto hutumia njia hiyohiyo. Huiita kalenda ya matukio. Unaorodhesha mambo ambayo kijiji kizima kinayakumbuka, kama vile uchaguzi, mafuriko ya Budalangi, ziara ya mkubwa, msimu wa kumbikumbi, kisha unambana mtoto kati ya tukio na tukio mpaka mwezi upatikane. Mwalimu wa Sande skuli anaweza kuifanya kwa chai moja na mzee mwenye kumbukumbu. Watoto wa mwaka ule wa 2020 wanaihitaji kuliko wengine. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai, masharti yaliruhusu ibada kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 58 tu, kwa hiyo wapo watoto ambao hawakuletwa mbele ya kanisa kwa wakati wake, na nyanya zao nao walikuwa wamezuiwa nyumbani.

Ila tarehe ya kanisa ni ya furaha tu, haiwezi kusimama mahali pa cheti. Sheria ya Kenya inataka uzazi usajiliwe ndani ya miezi sita. Baada ya hapo njia ni ya usajili wa kuchelewa, yenye fomu na uthibitisho zaidi, na shule zimekuwa zikidai namba ya cheti ili kumwingiza mtoto kwenye mfumo wa usajili wa wanafunzi. Huku mpakani jambo hili lina fundo lake. Mama anayekaa Busia ya Kenya anaweza kujifungulia Masafu, wa Malaba akajifungulia Tororo, zote za Uganda, na karatasi za mtoto zikatoka nchi nyingine. Mwalimu akigundua mtoto hana cheti, siku hiyohiyo amwelekeze mlezi kwa msajili wa vizazi. Mvulana yule alianza safari hiyo wiki mbili baada ya swali lake.

Turudi kwenye keki ya boksi. Boksi haliadimiki Busia na Malaba. Katoni za sabuni, biskuti na mafuta ya kupikia zinatupwa nyuma ya maduka kila jioni. Gundi msinunue. Hii ni nchi ya muhogo: vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, bandika kwenye moto mdogo huku ukikoroga hadi rangi nyeupe ipotee na uji ung'ae. Ukipoa unashika karatasi na boksi vizuri, na mtoto akiramba kidole hakuna madhara. Tengenezeni ya siku hiyo tu, kwani baada ya siku mbili huchacha.

Keki inataka katoni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikipandana. Zifunikwe kwa karatasi nyeupe au kurasa za daftari lililokwisha, kisha watoto wazipambe kwa vipande vya kitenge. Mafundi wa nguo wa Busia wana magunia ya mabaki hayo na huyatoa kwa shukrani tu. Msitumie vipande vya mifuko ya plastiki inayovushwa kutoka ng'ambo, hata kama inang'aa. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 28 Agosti 2017, na kanisa lisiwe mahali mtoto anapojifunza kuipenda. Mishumaa ni vijiti vya mafunjo, ambavyo watu wa Budalangi hukata kwa kusuka mikeka, vyenye ndimi za karatasi nyekundu na ya manjano. Moto wa kweli siukubali karibu na taji za karatasi na watoto thelathini waliosongamana. Na hata penye keki ya kuliwa, kupuliza mishumaa kuna lake: watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson nchini Marekani walipima mwaka 2017 wakakuta bakteria juu ya krimu ya keki iliyopuliziwa wamezidi kwa wastani wa asilimia 1,400. Mishumaa ya mafunjo watoto huipulizia wakitaka, kisha mwalimu anazigeuza ndimi nyuma na darasa zima linapiga makofi.

Ndani ya keki hiyo ya boksi wekeni chakula halisi. Inua katoni ya juu, chini yake kuna beseni la mandazi au njugu karanga zilizosagwa na kupakwa kwenye viazi vitamu. Watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, wala baluni zisizojazwa hewa. Vyote viwili hukaba koo haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia.

Ala za muziki ni sehemu ambayo watoto hawataki imalizike. Chupa ndogo ya soda ya plastiki iliyokaushwa vizuri hutiwa nafaka, na kila nafaka ina sauti yake. Wimbi hunong'ona, mtama huchacharika, mahindi hugonga, maharagwe hupiga kama ngoma ndogo. Msijaze zaidi ya robo, nafaka ikikosa nafasi sauti inakufa. Wapangeni watoto kwa nafaka: wa wimbi waitikie jina, wa maharagwe waingie kwenye mavuno au mvua. Kizibo kipakwe gundi na kufungwa kwa kamba ya mgomba, maana mtoto wa miaka mitatu ataifungua. Vizibo vya soda vilivyopondwa na kutungwa kwenye panda la mpera hutoa mlio mzuri, ila mtu mzima ndiye aviponde na kuyapiga msasa makali yake.

Taji nimelibakiza kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi. Walimu hukata boksi vyovyote, kisha taji linavunjika kwenye paji la uso. Tazama ukingo wa boksi, utaona mistari ya mawimbi ndani yake. Kata utepe wa sentimita 60 kwa 10, mistari hiyo ikisimama wima, na boksi litapinda kufuata kichwa bila kuvunjika. Kichwa cha mtoto wa miaka mitano kina mzunguko wa sentimita kama 50. Kipande kinachozidi ni cha kupishana nyuma, na pachikeni kwa vibanio vya nguo badala ya gundi ili taji lileile limfae wa miaka mitatu na wa kumi. Nje lishoneeni kitenge. Ndani liacheni wazi.

Ndani ndipo majina yanapoandikwa. Kila anayelivaa, mwalimu anaandika jina lake kwa penseli, na kando yake alichokuja nacho. Mwezi ukifika, mtoto anaketishwa, anasomewa waliolivaa kabla yake, kisha wimbo unaanza. Kanisa lile la mabati bado lina taji lake la kwanza, kitenge kimepauka na boksi limelainika kwa jasho. Mei ilipofika, watoto hawakutaka keki. Walimtengenezea mvulana yule lori, katoni mbili za sabuni na magurudumu ya vifuniko vya mitungi, na kiongozi alipouliza alikuja na nini, walijibu kwa sauti iliyowafanya watu wa barabarani wageuke. Jina lake limo ndani ya taji mara mbili: moja kwa mwandiko wa mwalimu, na chini yake, kwa herufi kubwa zilizopinda, kwa mkono wake mwenyewe.